Ritifaa ya Runyenje's: Kauli Kuhusu Uteuzi wa Lugha za Programu

Wanachama wenzangu, kurasa za jarida letu zimezoea mijadala ya lugha: lugha ya kufundishia, lugha rasmi, nafasi ya Kiingereza, hatima ya lugha za mama. Leo naomba ukumbi nizungumzie lugha za aina nyingine, zile ambazo kwazo mwanadamu huiamuru tarakilishi itende kazi. Najua wapo watakaouliza haya yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili. Yananihusu mimi kwa sababu kilichonisukuma kuandika ni alama ndogo ya uandishi tuijuayo sote, ritifaa, ile tunayoitia katika ng' ya ng'ombe. Na kwa sababu kosa nitakalolisimulia ni langu mwenyewe.

Mji wa Runyenjes umo katika Kaunti ya Embu, kando ya barabara itokayo Embu kuelekea Meru, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya. Juu, karibu na msitu, ni majani chai, na viwanda vya Mungania na Rukuriri ndivyo vinavyoyapokea. Chini kidogo ni kahawa, makadamia na ndizi; ukizidi kuteremka kuelekea Mbeere unalakiwa na muguka na joto. Jina la mji wenyewe halijatulia kimaandishi. Katika nyaraka nyingine huandikwa Runyenjes, katika nyingine Runyenje's, kwa ritifaa na s ya umilikishi ya Kiingereza, kana kwamba mji mzima ungali mali ya mtu mmoja. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo hadi liliponiaibisha.

Mwaka 2014 nilifanya mtihani wa KCSE, na somo la tarakilishi lilikuwa miongoni mwa masomo yangu. Somo hilo lilikuwa na karatasi ya mradi, na katika shule nyingi za wakati huo mradi uliandaliwa kwa Visual Basic 6 ikisaidiwa na hifadhidata ya Access. Nami nilifanya vivyo hivyo. Hatukuuliza kwa nini lugha hiyo na si nyingine: mwalimu aliijua, vitabu vilikuwapo, mashine za maabara zilikuwa nayo. Nilipomaliza mtihani, ujuzi ukiwa ungali mbichi na kichwa kikiwa kimevimba kidogo, mwalimu mmoja mstaafu wa kijijini kwetu, aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, aliniomba nimtengenezee programu ya kuandika michango ya wanachama. Nikaimaliza kwa majuma matatu, nikajiona fundi.

Siku ya kwanza ya kuitumia, programu iligoma. Mwalimu alikuwa amejaza anwani ya kikundi: sanduku la posta, kisha Runyenje's, kwa ritifaa, kama alivyozoea kuandika tangu ujana wake. Kioo kikatoa ujumbe wa Kiingereza kuhusu kosa la sintaksia, kisha programu ikajifunga. Nilijaribu tena mara tatu, wala sikujua sababu. Nikamwambia, "Mwalimu, andika tu Runyenjes, bila hicho kialama." Alinitazama kwa jicho la mtu aliyesahihisha insha kwa miaka thelathini, akafuta, programu ikakubali. "Haya, kijana wangu," akasema, "wewe ndiwe mjuzi." Nikaondoka nikidhani nimeliondoa tatizo, kumbe nimelifukia tu.

Miaka ikapita. Mwalimu alipougua alimkabidhi mtu mwingine kipakatalishi na daftari, lakini hakumkabidhi siri ya ritifaa. Mwaka 2021 alijiunga na kikundi mama mmoja ambaye jina lake la ukoo lina ng'. Kila mweka hazina mpya alipojaribu kumwandikisha, programu ilijifunga. Siku ya mkutano watu wamepanga foleni, jua linawaka, mvua ya mchana inatishia; naye akaona njia nyepesi ni kuiingiza michango ya mama huyo katika hesabu ya shemeji yake, ambaye jina lake liliandikwa zamani bila ritifaa. "Kwa muda tu," alisema. Muda huo ukawa miaka miwili. Desemba 2023 mama yule aliomba mkopo. Binti yake alikuwa katika kundi la mwisho kufanya KCPE, na alitakiwa kuingia kidato cha kwanza mwezi wa Januari. Mashine ikasema hana hata senti. Shemeji naye, mbele ya mkutano, akasema akiba yote iliyo chini ya jina lake ni yake.

Niliitwa kutoka chuoni nije niitazame programu. Mama yule alinitolea kitambulisho chake, akaniambia neno ambalo bado linanikereketa: "Mimi naandikwa hivi tangu kuzaliwa. Asiyejua kusoma ni mashine yako, si mimi."

Sababu ya kugoma kule nilikuwa nimekwisha kuijua kufikia hapo, na ni vyema niieleze, kwani bila hiyo hoja yangu haina mguu. Hifadhidata nyingi huamrishwa kwa lugha iitwayo SQL. Katika lugha hiyo neno la kawaida, kama jina la mtu au la mahali, hufungiwa baina ya ritifaa mbili. Ya kwanza husema "neno linaanza hapa," ya pili husema "neno limekwisha." Mtunga programu mvivu, na mimi nilikuwa mmoja wao, huchukua alichokiandika mtumiaji na kukibandika moja kwa moja katikati ya amri. Mtumiaji akiandika Murang'a, mashine hukutana na ritifaa ya katikati, hudhani neno limeishia Murang, kisha hubaki na a isiyo mwanzo wala mwisho, ikalia kwamba haielewi. Kwa mlango huo huo wezi huingia katika hifadhidata za wenyewe kwa kuandika amri mahali palipotakiwa jina. Dawa yake ni kuitenga amri na maneno yanayojazwa ndani yake, nayo dawa hiyo ilikuwamo katika Visual Basic niliyoitumia, kama ilivyo katika PHP, Java na Python.

Kwa hiyo sitaki kuungana na wale wanaosema kwamba lugha fulani ni mbovu na fulani ni bora, wakahitimisha hapo. Kosa lile ningelifanya katika lugha yoyote. Ilichonifanyia lugha niliyoiteua ni jambo jingine: ilinifungia mlango wa kurudi. Visual Basic 6 ilitolewa mwaka 1998, na Microsoft iliacha kuitunza mwezi wa Aprili mwaka 2008. Maana yake ni kwamba nilipoitumia mwaka 2014 nilikuwa nikijenga kwa lugha ambayo mwenyewe alikwisha kuitelekeza miaka sita kabla. Fauka ya hayo, nilichompa Mwalimu ni programu iliyokwisha fungwa tayari kutumika, si msimbo wenyewe. Msimbo ulibaki kwangu katika flashi, na flashi ikapotea nilipokuwa mwaka wa pili chuoni. Desemba ile, mjini Runyenjes, hapakuwa na mtu mmoja, nami nikiwamo, aliyeweza kuifungua programu ile na kubadilisha mstari mmoja.

Hapa ndipo penye kauli yangu. Tunapoteua lugha ya programu huwa tunauliza ni ipi yenye kasi, ni ipi iliyo ya kisasa, ni ipi inayotafutwa na waajiri. Swali linalotakiwa kutangulia yote hayo ni: nani atakayeirekebisha mimi nikiwa sipo? Nimejiwekea kipimo ambacho baadhi ya wenzangu wamekicheka. Programu inayobeba fedha au maisha ya watu wa Runyenjes isiandikwe kwa lugha yoyote mpaka wapatikane watu wawili, walio umbali wa safari moja ya bodaboda, wanaoweza kuusoma msimbo wake. Mmoja hatoshi, kwa maana mmoja huhama, huolewa, huajiriwa, hufa.

Nisidhaniwe kwamba nawadharau walioanza kwa zana ndogo. Mwezi wa Februari mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, si mbali na Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa kwa Access, zana ile ile ya mradi wangu wa shule. Ulikuwa uteuzi wa busara, kwani ulifanya kazi katika mashine moja ya kituo cha mashambani, na uliweza kutengenezwa haraka. Lakini mpango wa kuwatibu wenye virusi vya UKIMWI, AMPATH, ulipopanuka, zana ile ilielemewa. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief walishiriki kuanzisha mfumo mpya ambao ndio uliokuja kuitwa OpenMRS, wakaujenga kwa Java, na mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret. Tofauti kubwa ninayoiona mimi haimo katika Java pekee. Msimbo wa OpenMRS uliwekwa wazi, ukapata wasomaji katika nchi nyingi, hata ikawa kuondoka kwa mtu mmoja hakuuzimi.

Mfumo wa takwimu za afya wa DHIS ulipitia njia hiyo hiyo. Ulizaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990 ukiwa juu ya Access, kisha toleo lake la pili, linaloongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, likaandikwa kwa Java. Kenya ililieneza nchi nzima mwaka 2011. Karani wa takwimu katika hospitali ya umma, awe Runyenjes au Lodwar, anapoingiza hesabu za mwezi za chanjo na za wajawazito, anaitumia kazi ya Java bila kujua wala kuhitaji kujua.

Je, basi kikundi chetu kingejengewa programu kwa Java? Hasha. Java inafaa pale penye timu, na sisi hatukuwa na timu. Mfano uliotukaribia zaidi ulikuwa wa Ushahidi. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu wachache, miongoni mwao Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walianzisha mwezi wa Januari mwaka 2008 tovuti ya kukusanya taarifa za mashambulizi na kuzionyesha kwenye ramani. Jukwaa hilo lilipojengwa upya ili litumike popote, lilijengwa kwa PHP juu ya kiunzi kilichoitwa Kohana. PHP haina heshima kubwa vinywani mwa mabingwa. Husemwa kwamba ni lugha iliyoshonwa viraka. Hata hivyo huendeshwa na karibu kila seva ya bei nafuu, na kijana wa mji wowote mwenye subira anaweza kujifunza kuisoma. Kohana yenyewe baadaye ilififia, Ushahidi ikahamia viunzi vipya, lakini lugha ikabaki ile ile na kazi ikaendelea.

Turudi Runyenjes. Mwezi wa Januari mwaka 2024 tuliketi watu wanne kuamua programu mpya ya kikundi iandikwe kwa lugha gani. Binamu yangu, mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi, alitaka Python. Hoja zake hazikuwa za kupuuzwa. Python, alisema, husomeka takriban kama sentensi; mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu shuleni, na Python ndiyo lugha ambayo watoto wanaokuja wataijua. Mwenzake alitaka programu ya rununu iliyoandikwa kwa Kotlin, ambayo Google iliitangaza mwaka 2019 kuwa ndiyo inayopewa kipaumbele katika simu za Android. Wa tatu alikuwa dada anayeendesha saiba pale mjini. Huyu hakusema mengi. Aliuliza tu: "Wanachama wenye simu za Android ni wangapi?" Tukahesabu. Wengi wa wazee walikuwa na mulika mwizi. Kotlin ikaishia hapo.

Baina ya Python na PHP tulibishana hadi jioni. Nilimkubalia binamu kila sifa aliyoitaja. Darasani ningefundisha Python bila kusita. Nilimuuliza jambo moja: wewe ukipata kazi Nairobi mwezi ujao, nani hapa ataisoma? Akanyamaza, kisha akajibu kwa haki kabisa: "Na mimi nijifunze PHP ili nibaki kuwa fundi wa kikundi? Nani ataniajiri kwa hilo?"

Jibu lake lina uzito ambao washauri wengi wa vijana huukwepa. Maslahi ya kijana anayetunga programu na maslahi ya mkulima anayetungiwa hayalingani. Kijana ataka lugha itakayombeba hadi Westlands, na ikiwezekana hadi Berlin. Mkulima ataka lugha itakayobaki kando ya soko. Hakuna dhambi katika matakwa yote mawili. Dhambi iko pale kijana anapojifunzia lugha yake mpya juu ya akiba ya watu wasiojua kwamba wao ndio uwanja wa mazoezi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi mwaka 2014. Binamu alishauriwa ajifunze Python kwa kazi zake mwenyewe, nasi tukachagua PHP, kwa kuwa dada wa saiba aliijua tayari, na kijana mwingine anayesoma Chuo Kikuu cha Embu aliijua pia. Wawili. Umbali wa bodaboda.

Hata hivyo nisiisifie PHP kama mtu anayeuza dawa ya mitishamba kwenye basi. Lugha hiyo ina maradhi yake, na yaliwahi kuua miradi mingi ya wanafunzi. Kwa miaka mingi vitabu na walimu walifundisha kuiunganisha PHP na hifadhidata kwa amri za zamani zinazoanza na mysql. Mwaka 2015 toleo la saba lilipotoka, amri hizo ziliondolewa kabisa. Tovuti iliyokuwa ikifanya kazi jioni iliweza kuamkia imekufa, kwa sababu tu mwenye seva alihamia toleo jipya usiku. Python nayo haikusalimika: toleo lake la pili lilikoma kutunzwa tarehe 1 Januari 2020, na kila aliyekuwa amechelewa kuhama alijikuta peke yake. Wala hili si la nchi maskini. Mwezi wa Aprili mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowafanya watu wengi kupoteza kazi, gavana wa jimbo la New Jersey nchini Marekani alisimama hadharani kuomba watu wanaojua COBOL wajitolee, kwa vile mfumo wa kulipia wasio na kazi ulikuwa umeandikwa kwa lugha hiyo ya mwaka 1959. Matajiri nao huachwa na mafundi wao.

Sasa nije kwa lililo letu. Kuna wanachama watakaoniuliza: mbona hukuteua lugha ya programu iliyo ya Kiswahili? Ipo. Inaitwa Nuru, ilianzishwa na Mtanzania miaka ya hivi karibuni, na maneno yake ya msingi ni yetu: andika, kama, sivyo, wakati, rudisha. Nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Mtu aliyefundishwa tangu shule ya msingi kwamba sayansi husemwa kwa Kiingereza tu, akiona mashine ikitii neno "andika," huhisi kitu ambacho siwezi kukieleza kwa istilahi za isimu. Natamani ifundishwe katika vilabu vya shule, na natamani chama chetu kisaidie kuiandikia vitabu. Lakini akiba ya mama yule sikuiweka juu yake. Kipimo changu cha watu wawili ni kile kile hata kwa lugha ninayoipenda, na Januari ile watu hao wawili hawakuwapo Runyenjes. Mapenzi ya lugha hayawezi kuwa rehani ya fedha za watu wengine. Najua baadhi yenu mtaniona msaliti, nami nipo tayari kujibiwa katika toleo lijalo.

Tulichoweza kukifanya kwa Kiswahili ni kile ambacho mtunga programu huachiwa huru akifanye. Maneno ya msingi ya PHP ni ya Kiingereza, hayabadiliki, lakini majina ya vitu anavyoviunda mtungaji ni yake. Basi katika programu mpya michango inaitwa michango, mkopo unaitwa mkopo, na tarehe ya kulipa inaitwa tarehe_ya_kulipa. Juu ya kila sehemu kuna maelezo ya Kiswahili yanayosema sehemu ile inafanya nini na kwa nini, likiwamo onyo refu kuhusu ritifaa. Dada wa saiba, ambaye Kiingereza chake ni cha kujitegemea, anaisoma kama barua. Ujumbe wa makosa nao hautoki tena kwa lugha ya maabara. Unasema, kwa mfano, kwamba jina halijajazwa, na unaonyesha ni wapi. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kutuonyesha njia mwaka 2004, walipoitoa OpenOffice kwa Kiswahili na kuiita Jambo, jambo lililowalazimu kutafuta istilahi kwa mamia. Kazi ya aina hiyo hufanywa na mtu ajuaye lugha, na hao ndio sisi. Mara nyingi naona wanafunzi wa tarakilishi wakitamani msaada huo wasijue wauombe kwa nani.

Hata Kiembu kilitaka haki yake, nacho kikatufundisha jambo ambalo sikulijua. Kikundi kilitaka kila mwanachama apelekewe ujumbe mfupi wa simu baada ya kuchanga, na wazee wakaomba uwe kwa Kiembu. Tukauandika kwa tahajia sahihi, wenye ĩ na ũ. Gharama ikapanda ghafla. Ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160 maadamu herufi zote zimo katika orodha ya kawaida ya simu. Ikiingia hata moja isiyokuwamo, nafasi hupungua hadi herufi 70 tu. Herufi za Kiswahili zimo zote. ĩ na ũ hazimo. Kwa hivyo sentensi ambayo Kiswahili huisema kwa ujumbe mmoja, Kiembu kilichoandikwa vizuri huweza kulipia miwili au mitatu. Tena ni hapa ambapo lugha za programu hutofautiana kikweli, na binamu hakukosa kunikumbusha. Ukiiuliza Python ya sasa neno mũndũ lina herufi ngapi, itakujibu tano, jibu ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza angelitoa. Ukiiuliza PHP kwa amri yake ya kawaida, strlen, itakujibu saba, kwa sababu huhesabu vipande vya kumbukumbu, na kila ũ huchukua viwili. Kuna amri nyingine ya PHP inayohesabu sawasawa, lakini ni lazima uijue na uitafute. Bao hilo nilimpa binamu. Wazee nao walikaa, wakapima gharama, wakaamua ujumbe uwe wa Kiswahili na salamu ya mwisho iwe ya Kiembu kwa maneno yasiyo na kialama. Sikuipenda suluhu hiyo, lakini fedha zilikuwa zao.

Programu ilianza kutumika mwezi wa Aprili mwaka 2024. Inaendeshwa katika kipakatalishi kilekile cha kikundi, na kila baada ya mkutano nakala huhifadhiwa katika saiba na nyingine kwa kijana wa chuo. Msimbo wote umo humo humo, umewekwa wazi, pamoja na mwongozo wa kurasa sita uliochapishwa na kuwekwa kwenye faili la katibu. Mtu wa kwanza kuandikishwa alikuwa mama yule, kwa jina lake kamili. Tulimwacha abonyeze kitufe mwenyewe. Kisha Mwalimu, aliyekuja akijikongoja na bakora yake, akaomba anwani ya kikundi isahihishwe, akaiandika kwa mkono wake: Runyenje's.

Suala la akiba ya miaka ile miwili bado halijakwisha. Daftari la zamani lina kurasa zinazoonyesha michango ya mama huyo kwa baadhi ya miezi, na miezi mingine mweka hazina aliandika jumla tu bila majina. Binti aliingia kidato cha kwanza kwa mkopo aliouchukua kwingine, kwa riba kubwa kuliko yetu. Kamati ya kikundi imewaita yeye na shemeji yake mara tatu, na kikao cha nne kimepangwa. Mimi nimeombwa nihudhurie, nibebe flashi yoyote ya zamani nitakayoipata.